Upande wa Mwanaidi Kwenye Sinia

Bi Mgeni, jirani wa ukuta mmoja, anaapa kwa kaburi la marehemu mumewe kwamba Mwanaidi alianguka akiwa ameshiba. Humwambii kitu. Anasema siku ile ya sherehe pale ofisi ya kata alikuwa amekaa mstari wa mbele, kiti cha pili kutoka kwenye spika, na hakuna kilichompita. Alimwona Mwanaidi akiitwa jina. Alimwona akinyanyuka na gauni lake la kitenge lililokwisha kupunguzwa kwa fundi mara tatu, akapanda jukwaani kupokea cheti cha Mwanamke wa Mwezi wa Mpango wa Siha.

"Kafika katikati," anasema Bi Mgeni, "kacheka, kashika koo namna hii, kama mtu aliyekabwa na mwiba. Chini! Puu!"

Na mwiba wenyewe, kwa maelezo yake, ulikuwa wa samaki changu. Kwani adhuhuri ile ile alikuwa amechungulia uani kwa Bi Mize, mama yake Mwanaidi. Hakuchungulia, alikuwa anaanika dagaa wake, macho yakaenda yenyewe. Akaliona sinia likiingia ndani na wali wa nazi umepanda kama kichuguu, changu wawili juu yake, na muda si muda likatoka jeupe kama limelambwa na paka.

"Sinia lile, jamani! Halafu mtu aniambie Mwanaidi kakonda kwa sababu ya simu? Kile ni kijicho. Watu wamemla mtoto wa mwenzao kwa macho."

Kabla ya magharibi alikuwa ameisimulia mara nne kwenye benchi la hospitali, na kufikia mara ya nne changu walikuwa watatu. Waliokaa benchi lile walitikisa vichwa, wakasema loo, wakasogea wapate kusikia vizuri. Siwema, mdogo wake Mwanaidi, alikuwa amekaa hapo hapo, mkoba mapajani, simu ya kaya ndani ya mkoba. Hakumkatisha hata mara moja. Lile la mwiba lilikuwa uzushi na la kijicho lilikuwa uzushi, lakini la sinia lilikuwa kweli. Liliingia limejaa, likatoka jeupe. Na simu nayo ilikuwa imesema hivyo hivyo, kila siku, kwa miezi minne.

*

Siku Bwana Nampoto, afisa wa Siha wa mtaa, alipowaletea simu, alileta pia vikuku vitatu na sahani tano za plastiki zenye alama nyeusi ukingoni. Simu ilikuwa moja kwa kaya nzima. Kikuku kilivaliwa na kila aliyevuka miaka kumi na miwili, usiku na mchana, bafuni na kitandani. Kwa ndani kilikuwa na sindano nyembamba kuliko unywele, huisikii, inaonja jasho lako na kusikiliza mapigo ya moyo. Na kama ulitakiwa upungue, ilikutia tone la dawa ya kufunga njaa.

"Matone yanapangwa na simu," alieleza Bwana Nampoto, amekaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kuchafuka. "Ukila sana, matone yanaongezeka. Ukila kidogo, yanapungua, njaa inarudi, unakula. Simu haina ugomvi na mtu. Inachotaka ni kujua umekula nini. Ndiyo maana kuna sahani. Kila mtu na yake, inapigwa picha kabla na baada."

Bi Mize, mama yao, aliigeuza sahani moja, akaigonga kwa ukucha.

"Nilishe wanangu kwenye visahani, kila mtu na chake, kama wagonjwa wa wodini?"

"Mama, kwenye sinia simu haiwezi kujua tonge lipi la nani."

"Mimi pia sijui, baba. Miaka arobaini sijui, na hatujawahi kugombana."

Bwana Nampoto akacheka kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Akasema watu wa mwambao wote wamemjibu hivyo, mpaka wakubwa wakaongeza sehemu ya sinia ndani ya simu. Simu inalipiga picha sinia likija na likiondoka, inatoa hesabu ya kilichopungua, inakigawa sawasawa kwa vikuku vilivyolizunguka. Ila awepo mtu mmoja wa kuaminika, shahidi wa kaya. Baada ya kila mlo simu itamuuliza: *Wote wamekula sawa?* Atabonyeza Ndiyo au Hapana.

"Na akibonyeza uongo?" aliuliza Siwema.

"Kaya inakuwa nyekundu. Miezi mitatu."

Wakamchagua yeye, maana ndiye aliyesoma maandishi madogo bila kuyasogeza mbali, na pia, alisema mama yake, "huyu hana papara." Sahani tano zikaenda kufunikia mitungi ya maji.

Rangi ya kaya haikuwa mchezo. Figo za Bi Mize zilikuwa zimechoka, na mara mbili kwa wiki damu yake ilibidi ipitishwe kwenye mashine. Mkoa mzima ulikuwa na mashine sita. Wa kaya za kijani waliingia kwanza. Wa njano walingoja mlangoni. Wa nyekundu waliambiwa warudi nyumbani. Mzee Chilumba wa mtaa wa nyuma kaya yake iliingia wekundu kwa ajili ya mwanawe mlevi wa togwa na maandazi. Akavimba miguu, akavimba uso, wiki ya tatu wakamzika.

Kwa Bi Mize walikuwa njano. Na kilichowaweka kwenye njano kilikuwa kilo tisini na sita za Mwanaidi.

*

Mwanaidi alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini, kwenye kona ya soko. Mwanamke wa kicheko kinachosikika kabla hajaonekana. Wateja walimtania, naye aliwatania zaidi.

"Dada Mwanaidi, simu imesemaje leo?"

"Imeniuliza kama tuko wawili ndani ya gauni hili. Nimeiambia tuko watatu, iniache."

Lakini aliporudi nyumbani akamkuta mama yake amerudishwa tena mlangoni mwa mashine, miguu imejaa kama mihogo iliyolowekwa, hakutania. Alikivaa kikuku, akamwambia Siwema, "Iambie nataka kupungua. Iambie haraka."

Na kweli alipungua. Wiki ya tatu gauni likaenda kwa fundi. Mwezi wa pili kaya ikawa kijani, na Bi Mize akaanza kuingia kwenye mashine saa mbili asubuhi kama mke wa mkubwa. Miguu yake ikarudi kuwa miguu. Akawa anajifunga kanga mwenyewe, anafagia uani mwenyewe, anamtuma mtu naye anamfuata nyuma kuhakikisha. Nyumba ikapata furaha ambayo Siwema alikuwa amekwisha kuisahau.

Simu nayo ilifurahi. *Hongera, Mwanaidi! Mwili wako unachoma chakula vizuri sana.*

Siwema ndiye aliyeanza kuona. Alikuwa mtu wa kuangalia. Hata utotoni angeweza kukaa asubuhi nzima akiangalia siafu wakihama. Nyumbani kwao sinia lilikuwa na adabu yake. Unakula upande ulio mbele yako. Kitoweo kinagawiwa na Bi Mize kwa mkono wake. Ukiwa na zaidi, unakisukuma kimya kimya upande wa mwenzako, na mwenzako hasemi ahsante, anakula. Na mtu hatazami mdomo wa mtu. Bi Mize aliwahi kumfinya Siwema sikio kwa kosa hilo hilo: "Unamhesabia mwenzio matonge? Umekuwa polisi?"

Siku moja ya mwezi wa nne Siwema alitazama. Akauona mkono wa dada yake ukishuka kwenye wali, ukafinyanga tonge, ukalifinyanga tena mpaka likang'aa, kisha ukaliweka taratibu upande wa Asumini, bintiye mkubwa. Tonge la pili kwa Rehani, mdogo. Kipande cha samaki kikakatwa katikati, nusu huku, nusu huku. Wale watoto hawakuwa na vikuku. Mmoja alikuwa na miaka tisa, mwingine saba, na kwa simu hawakuwapo pale. Walikula kama watoto wanavyokula. Sinia likawa jeupe.

*Wote wamekula sawa?*

Kidole cha Siwema kilikaa juu ya kioo muda mrefu mpaka mama yake akauliza kama simu imeharibika. Akabonyeza Ndiyo.

Aliliosha sinia pale uani, na ndipo mambo yalipomjia yote kwa pamoja, mchanga na majivu mkononi. Simu inaona sinia jeupe. Inagawa kwa watatu. Inadhani Mwanaidi amekula theluthi nzima ya wali na samaki, kwa hiyo inamtia matone ya mtu aliyekula theluthi nzima. Matone yanafunga njaa. Njaa ikifungwa, anawasukumia watoto. Watoto wanamaliza, sinia linakuwa jeupe, simu inaongeza matone. Na kila zamu anayefunga kitanzi ni yeye Siwema, kwa kidole chake.

Alimfuata dada yake jikoni. Mwanaidi alikuwa ameinamia sufuria la ming'oko, mifupa ya mgongo ikihesabika juu ya kanga.

"Dada, leo umekula nini?"

"Si nimekula na nyie?"

"Nimekuona."

Mwanaidi akafunika sufuria. "Mama alikukataza kuangalia midomo ya watu."

"Jana je? Juzi?"

"Sisikii njaa, Siwema. Usifikiri najinyima, kwani mimi mtu wa kujinyima? Tangu siku ya kumi na mbili ya kikuku hiki, nikipeleka wali mdomoni ni kama natafuna pamba. Wanangu wana njaa, mimi sina. Nifanye nini, nimtupie kuku?"

"Tukivue hicho kikuku."

"Tukivue, halafu Ijumaa mama akalale mlangoni?"

"Basi nibonyeze Hapana."

"Watakuuliza tangu lini." Mwanaidi alimgeukia, macho yamekuwa makubwa kwenye uso mdogo. "Tangu lini, mdogo wangu? Wewe ndiye shahidi. Utawaambia ulibonyeza uongo mara ngapi?"

Machozi yakamtoka Siwema.

"Ikifika kilo hamsini inasimama yenyewe, Nampoto kasema. Zimebaki tano." Akajaribu kucheka, kikatoka kicheko chembamba kama cha mtu mwingine. "Kilo tisini na sita nimezibeba miaka kumi, hakuna aliyenililia. Leo nimetua mzigo ndiyo unalia? Futa macho, moshi ule."

Siwema akafuta macho. Akabonyeza Ndiyo jioni ile, na kesho yake, na siku nyingine ishirini. Simu ikatangaza kwamba mapigo ya moyo wa Mwanaidi yametulia sana na hiyo ni dalili ya siha njema. Ikapeleka jina lake kwa wakubwa. Wakubwa wakachapisha cheti.

*

"Shahidi wa kaya ya Bi Mize!"

Siwema alinyanyuka benchini. Bi Mgeni naye alinyanyuka, akarudishwa kwa jicho la sista. Bi Mize alibaki amekaa, tasbihi mkononi, midomo ikicheza.

Chumbani, Mwanaidi alikuwa amelazwa chini ya shuka isiyoonyesha kama kuna mtu. Kando ya kitanda ilisimama mashine ya dripu, taa yake inawaka na kuzima, haitoi kitu. Kikuku kilikuwa kimevuliwa. Kiliacha alama ya duara nyekundu mkononi. Daktari Mkwemba, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, alivuta stuli.

"Kaa, binti. Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake. Shikamoo."

"Marahaba. Nisikilize vizuri, kwa sababu sina muda na yeye hana zaidi." Akageuza kioo chake. Siku mia na ishirini za milo zilikuwa zimepangwa humo, picha za sinia, limejaa, jeupe, limejaa, jeupe. "Rekodi hii inasema dada yako alikuwa anakula vizuri mchana na jioni. Kama ni kweli, basi kuna ugonjwa ndani unaomuunguza, na nimpe chakula kingi sasa hivi, kwa nguvu, au nimpoteze. Lakini kama si kweli, kama alikuwa hali, basi mwili wake umezoea kuishi bila kitu. Nikiumwagia chakula kingi ghafla, moyo utasimama. Huyo anapewa kidogo kidogo, kama mtoto wa siku moja. Unaielewa tofauti?"

"Ndiyo."

"Mimi macho yangu yananiambia jambo moja na rekodi inaniambia jingine. Alikuwa anakula?"

Siwema alimwangalia dada yake. Macho ya Mwanaidi yalikuwa wazi.

"Daktari, siwezi kukwambia wewe peke yako? Isiandikwe?"

Daktari Mkwemba alipumua, akaangalia mlango. "Ningeweza, ningefanya. Dripu hii inapokea kipimo kutoka Siha. Rekodi ikisema alikuwa anakula, itafungua kwa nguvu, nipende nisipende. Anayeweza kuisahihisha ni shahidi. Mimi sina kitufe hicho. Najua kinachofuata kwa kaya yenu. Nimeona mama yenu huko nje. Sitakusukuma."

Mkono ulitoka chini ya shuka ukamshika Siwema kifundo. Ulikuwa mwepesi kama gunzi lililokaa juani.

"Hapana," alisema Mwanaidi. Sauti haikuvuka mto aliolalia. "Siwema. Mama."

"Dada, utakufa."

"Mama sasa anaingia kwenye mashine saa mbili asubuhi. Usimrudishe mlangoni."

"Na wanao?"

Mwanaidi alifumba macho, akayafumbua. "Wewe upo."

Siwema aliitoa simu. Aliutafuta ukurasa aliokuwa ameuogopa mwezi mzima, akaukuta mahali pake, na maandishi madogo aliyosifiwa kwa kuyasoma. *Je, shahidi alitoa taarifa isiyo kweli? Tangu lini?* Alimwona Mzee Chilumba, uso umejaa mpaka macho yamepotea. Aliiona miguu ya mama yake, myembamba, ndani ya ndala za bluu, hapo nje ya mlango, hatua saba. Kisha aliuona mkono ukifinyanga tonge mpaka linang'aa. Kidole hakikutaka. Alikishika kwa mkono wa pili, akakisukuma kama anavyosukumwa mtoto asiyetaka kwenda shule.

Ndiyo. Tangu siku ya kumi na mbili.

Vioo vyote vikawa vyekundu, cha daktari na cha simu mkononi. Mashine ya dripu ikalia mara moja, ikaanza kutoa tone, ikangoja, ikatoa jingine.

"Ahsante," alisema Daktari Mkwemba, naye tayari alikuwa amempa mgongo, anaita sista.

Mkono wa Mwanaidi uliachia. Aligeuza uso ukutani, kazi ndogo iliyomchukua muda mrefu. Siwema alimwita mara mbili. Alikuwa anamsikia, maana bega lilitikisika, lakini hakugeuka.

Ujumbe ulikuwa umeingia kabla hajafika mlangoni. *Nafasi ya Mize binti Salumu kwenye mashine ya figo imepewa kaya nyingine. Unaweza kuomba upya baada ya siku tisini.*

*

Nje, Bi Mgeni alikuwa amekwenda kutafuta chai na wasikilizaji wapya. Benchi lilikuwa limepwaya. Bi Mize alimsogezea bintiye nafasi, akampangusa vumbi begani ambalo halikuwapo.

"Kazinduka?"

"Kazinduka, mama."

"Anapewa chakula?"

"Kidogo kidogo."

"Alhamdulillahi." Bi Mize aliibusu tasbihi, akaitia kifuani. Aliweka mkono wake juu ya goti la Siwema, wa moto, wenye uzito. "Hawa watu wa Siha mimi niliwatukana sana. Nilimtukana yule Nampoto mpaka kwa bibi yake. Sasa tazama, mwanangu, mtu kaanguka mchana, kashughulikiwa mchana huo huo. Rangi ile ile ya kwetu, ya kijani, imetusaidia. Tungekuwa kama kina Chilumba leo tungekuwa tunalia."

Siwema aliigeuza simu, kioo kikalala juu ya paja lake, ndani ya kanga.

"Dada yako akitoka hapa atahitaji kupikiwa uji, na mimi ndiye wa kumpikia. Lazima niwe na nguvu." Bi Mize alinyoosha miguu mbele yake, akaitazama, akaichezesha vidole. "Jumatatu twende na gari la kwanza. Safari iliyopita pale kwenye mashine waliniweka kiti cha karibu na choo, sikupata hewa. Kile cha dirishani ndicho kizuri, unaona mpaka bandarini. Wewe una maneno mazuri na yule sista mfupi, mimi nikimwambia anaona nadeka. Mwambie Jumatatu aniwekee kiti cha dirishani. Utamwambia, Siwema? Eh, mwanangu? Utamwambia?"